Florian Magesa Burito, Bwana Mifugo Aliyetibu Tabia za Mbwa (1938–1993)

Ndugu waombolezaji, tangazo la redio lilisema kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tangazo la redio huwa na nafasi ndogo. Hapa nafasi ipo, na mjane wake ameagiza wasifu huu usomwe wote bila kupunguzwa.

Tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 5 Juni 1993, hapa nyumbani kwao Butiama, ni Florian Magesa Burito, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Burito na marehemu Mama Wegesa. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 katika nyumba ya udongo iliyokuwa upande wa chini wa zizi, na akabatizwa mwaka 1946. Walizaliwa saba, wakakua watatu: Florian, dada yake Miriamu, na mdogo wao Stanislausi. Baba yao alipofariki mwaka 1954, Stanislausi alikuwa hajaanza kutembea vizuri. Florian ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye malishoni, na ndiye aliyemfundisha kusema “shikamoo”.

Alisoma shule ya msingi hapa Butiama kuanzia mwaka 1947, kisha shule ya kati mjini Musoma, ambako alimaliza darasa la nane mwaka 1955. Hakuwa mwanafunzi bora, na wasifu huu hautamfanya awe bora leo kwa sababu amekufa. Hesabu zilimshinda. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kukaa kimya na kutazama kitu mpaka akielewe. Alichunga ng’ombe wa nyumbani, akafanya kibarua cha kuwasaidia wachanjaji, na mwaka 1960 akachaguliwa kwenda chuo cha mifugo Mpwapwa. Alirudi na cheti mwishoni mwa mwaka 1962.

Mwaka 1963 alipangiwa kazi Bunda. Alisimamia majosho, alichanja ng’ombe, alikagua nyama. Wakulima wa pamba na wafugaji wa ng’ombe wa upande ule wanamkumbuka kwa pikipiki yake na kwa ukali wake juu ya mtu aliyeruka siku ya josho.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, mbwa wengi waliachwa kwenye mahame. Ilitoka amri wauawe kwa nyama yenye sumu, na kazi hiyo akapewa Florian. Aliifanya. Alizunguka mahame yote kuanzia Guta hadi nyuma ya mji wa Bunda. Mbwa walikuwa wamekaa milangoni kwenye nyumba zisizo na paa, wakiwangoja wenye nyumba, na walipomwona walimkimbilia wakitikisa mikia, kwa kuwa alikuwa binadamu wa kwanza waliyemwona baada ya siku nyingi. Aliwapa nyama. Baadaye, watu walipomwambia kwamba yeye alitumwa tu, alijibu: “Nilitumwa, lakini mkono ulikuwa wangu.” Hakujitetea zaidi ya hapo, nasi hatutamtetea.

Kisha ikaja miaka ya shida. Kuanzia mwaka 1979 dawa ya josho haikupatikana, chanjo haikupatikana, petroli ya pikipiki haikupatikana. Kabati la ofisi lilibaki na mtungi wa spiriti na mikasi. Watu hawakuacha kuja, kwani bwana mifugo ni bwana mifugo hata kabati likiwa tupu. Hapo Florian alianza kutibu kile kilichoweza kutibika bila dawa, yaani tabia. Wizi wa ng’ombe ulikuwa umezidi, kila boma lilitaka mbwa, na mbwa wengi walikuwa wameharibiwa na wenyewe: wapo waliokula vifaranga, waliouma watoto, waliobweka bila sababu, waliokimbia nyumbani.

Mama Mbuke wa Guta yupo hapa na ameruhusu hili lisemwe. Mwaka 1983 alikuja Bunda kwa miguu akimlalamikia mbwa wake anayekula mayai. Florian alikwenda Guta, akakaa kwenye kigoda uani tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akimtazama mbwa. Mama Mbuke alianza kuchoka.

“Bwana mifugo, umekuja kutibu au umekuja kupumzika?”

“Maganda ya mayai unayatupa wapi, mama?”

“Namtupiaga yeye. Si ndiyo chakula chake.”

“Basi umemfundisha mwenyewe. Umemwonjesha, sasa anakwenda kuchukua kwenye kiota. Choma maganda, na mayai uyaokote mapema.”

“Yaani nimetembea kutoka Guta mpaka Bunda kuja kuambiwa nisitupe maganda?”

“Ulitaka nimchome sindano?”

“Ndiyo! Hata ya maji!”

Mbwa yule aliacha mayai. Mama Mbuke hakuacha kumtania, na kila walipokutana sokoni alimwuliza kama ameshapata sindano ya maji.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1966, kanisani Musoma, na Marieta, binti wa Mzee Kwangu, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba. Mungu aliwajalia watoto wanne: Bernado, Marcelina, Dafroza na Silasi. Marieta alivumilia uhamisho, mshahara uliokuwa haununui sabuni, na nyumba isiyoisha watu wenye mbwa. Ilikuwa ndoa ya heshima.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Mtu huyu aliyewakataza wengine kumpiga mbwa alimpiga Bernado, kijana wake wa kwanza, kwa fimbo, kwa miaka mingi, kwa makosa madogo. Siku moja mwaka 1985 Bernado alimwambia mbele ya wageni: “Baba, na mimi nifugwe kama mbwa wa watu. Labda utanielewa.” Alipigwa kwa kusema hivyo pia. Florian alijua kwamba fimbo haifundishi ila hofu. Alijua, akalifundisha hilo Guta na Bunda kote, na nyumbani kwake hakulifuata. Bernado ameomba hili lisifichwe, na halikufichwa.

Mwaka 1992 alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Hakurudi Butiama kulima kama alivyoshauriwa. Alipanga chumba kimoja Nyakato, Musoma, akatundika kibao: MATIBABU YA MIFUGO NA TABIA ZA MBWA. Biashara nchini ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, na watu waliokuwa na fedha mpya walijenga kuta zenye vipande vya chupa juu yake na kununua mbwa wakubwa ambao hawakujua kuwalea. Wanaume walisimama mlangoni pake kumcheka.

“Daktari, mke wangu naye anabwekaga sana. Nimlete?”

“Analishwa na nani?” Florian aliuliza.

“Na mimi.”

“Basi njoo wewe.”

Wapo waliocheka siku ile ambao leo wamebeba jeneza lake.

Mdogo wake, Stanislausi, naye alikuwa amejenga Nyakato. Alinunua sangara visiwani na kuwapeleka Mwanza kwa lori lake. Mwaka 1991 alileta mbwa mdogo wa mbegu kubwa kutoka Mwanza akamwita Kamanda. Kamanda alikua mbwa mpole. Mwaka uliofuata, Florian alipofungua chumba chake, Stanislausi alikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza.

“Kaka, nitengenezee huyu mbwa. Mpole kama katekista.”

“Mtu akifika anabweka?”

“Anabwekaga. Halafu anatikisa mkia.”

“Basi kazi yake anaifanya. Mbwa anayeuma hovyo siyo shujaa, Stanisi, ni mwoga.”

“Mimi nataka wezi ndio waogope.”

“Ukimtisha wewe, atakuogopa wewe. Mwizi hamjui.”

Stanislausi alikwenda kwa washauri wengine. Alitoboa matundu kwenye pipa la mafuta, akamfungia Kamanda humo mchana kutwa ili asizoee sura za watu. Alichanganya pilipili kwenye chakula chake. Alitafuta kiota cha nyigu akakitia ndani ya pipa, kwa kuwa inasemekana mbwa akiumwa na nyigu hurithi hasira yao. Jioni aligonga pipa kwa nondo. Haya hayakufanywa na Stanislausi peke yake. Yanafanyika Musoma, yanafanyika Bunda, na wanaoyafanya wanafundishana kwa fahari. Kamanda hakuwa mkali. Alijikojolea kila aliposikia sauti ya bwana wake getini.

Florian alikwenda pale zaidi ya mara moja kuomba apewe mbwa yule. Jibu la mwisho alilopata lilikuwa hili: “Kaka, mbwa wangu hawezi kwenda kulala kwa mtu wa chumba kimoja.” Florian alikwenda zake.

Mwezi Machi mwaka huu mbwa wa kuzurura aliingia getini mwa Stanislausi, wakapigana, na Kamanda akabaki na jeraha dogo puani. Hakuna aliyejali. Katikati ya Aprili Kamanda alibadilika. Aliacha kula. Alitafuna vyuma vya mlango. Alimrukia kila apitaye. Stanislausi alifurahi. Alidhani pipa limezaa matunda. Aliwaita majirani waje watazame, na Jumatatu tarehe 19 Aprili akatuma mtu kwa kaka yake kumwambia aje aone jinsi elimu ya Mpwapwa ilivyoshindwa.

Florian alifika jioni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Kamanda alikuwa nyuma ya mlango wa nondo wa banda. Florian alisimama mbali akasikiliza.

“Stanisi, sauti hii kaanza lini?”

“Unaona, eeh? Pipa, kaka. Pipa na pilipili.”

“Rudi nyuma. Huyu hajawa mkali. Huyu anakufa. Tazama taya yake, tazama anavyoshindwa kumeza mate. Hicho ni kichaa cha mbwa.”

“Wivu huo.”

“Usiguse mlango, mdogo wangu. Nakuomba mbele za watu hawa.”

Ni hayo maneno, mbele za watu, yaliyomponza. Stanislausi hakuweza kuombwa mbele za watu kisha akatii. Alifungua komeo, akasema, “Kamanda, kaa!” Mbwa akamrukia akamshika shavuni. Majirani walikimbia. Florian hakukimbia, na hakumvuta mbwa kwa nyuma, maana shavu lingetoka. Alitia mkono wake wa kulia kinywani mwa mbwa, nyuma kabisa kwenye taya, akalifungua. Shavu la Stanislausi likaachiliwa. Mkono wa Florian ukatafunwa.

Waliokimbia walirudi na mawe na mapanga, wakamwua Kamanda. Kisha likafanyika jambo ambalo ndilo kiini cha wasifu huu. Wazee wawili wa ukoo walinyofoa manyoya ya mbwa yule, wakayachoma, wakayashindilia majivu yake katika kidonda cha Stanislausi, kwa imani kwamba sumu ya mbwa inaponywa na manyoya ya mbwa yuleyule. Florian alipiga kelele waache. Waliambiwa na mtaalamu, na waliendelea. Ilibidi aje na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akayatoa majivu yale kwa mkono uliokuwa unavuja damu, akaliosha shavu la mdogo wake kwa muda mrefu. Wa kwake aliuosha mwisho, kwa maji yaliyobaki. Mzee mmoja alimgombeza kwa kupoteza maji.

Hospitali waliyofika ilikuwa na chanjo ya kumtosha mtu mmoja. Mganga aliuliza nani aanze. Florian ndiye aliyejibu.

“Aanze huyu. Shavu liko karibu na ubongo, ugonjwa unafika upesi. Mimi ni mkono, nina wiki kadhaa. Ya kwangu itatoka Mwanza.”

“Nani ataifuata?” mganga aliuliza.

“Mimi!” Stanislausi alisema, na bandeji usoni. “Lori langu linakwenda Mwanza kila wiki. Kaka, wiki hii hii inakuja.”

Marieta alikuwa amesimama pale na aliyasikia.

Lori lilikwenda Mwanza likarudi na mabati na soda. Dereva alisema hakuagizwa kitu. Lilikwenda tena, na Stanislausi akaeleza kwamba lori likizunguka mjini kutafuta dawa samaki wanaharibika na kiwanda kinakataa mzigo. Safari ya tatu Marieta alikwenda mwenyewe kumkumbusha. Stanislausi alikuwa amemaliza sindano zake, anakunywa chai.

“Shemeji, mbona mnajitia hofu? Si kidonda chake kimefunga? Na mbwa mwenyewe tulishamuua.”

Marieta alimpelekea mumewe majibu hayo. Florian alisema: “Mbwa wamemuua. Kilichokuwa kinamuua mbwa hawajakiua.”

Itaulizwa kwa nini hakupanda basi akaifuata chanjo yake mwenyewe. Wiki zile alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba Nyakato kutafuta mbwa waliopigana na yule wa kuzurura, akiwasihi wenyewe wawafunge na wawatazame. Wengine walimfungulia, wengine walimfukuza. Hiyo ni sababu, wala haitoshi. Sababu ya pili ni kwamba aliamini neno la mdogo wake aliyemlea. Sababu ya tatu ni kiburi. Aliona aibu kumkumbusha kwa kinywa chake mwenyewe mtu aliyemwokoa. Watu wazima wanakufa kwa aibu za namna hiyo, na Florian alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Jumatatu tarehe 24 Mei mkono wake wa kulia ulianza kuwasha na kufa ganzi pale penye kovu. Alijua maana yake. Kesho yake alipanda basi kwenda Mwanza. Chanjo ilikuwepo. Ilikuwa kwenye jokofu, na ilikuwepo muda wote. Muuguzi alimchoma sindano na kumwuliza aliumwa lini. Alipotaja tarehe, muuguzi aliinamisha uso. Florian alimwambia, “Usinipe pole, binti. Nafahamu.”

Tarehe 31 Mei alishindwa kumeza maji, na akalazwa Musoma. Ugonjwa huu haumwondolei mtu akili moja kwa moja. Humwachia vipindi vya utulivu, ili aone. Katika kipindi kimoja Marieta alimsogelea na kikombe cha uji, koo likambana, akageuza uso ukutani.

“Kaa mbali, Mama Bernado. Nisije nikakung’ata. Ikitokea, ujue haikuwa tabia yangu.”

Jioni ile alimwita Bernado. Alimwambia amfunge mikono kitandani kabla kipindi kibaya hakijarudi.

“Nifunge vizuri, mwanangu. Usinionee huruma. Ila usinipige.”

Bernado alimfunga kwa vitenge vya mama yake. Hakumpiga. Alikaa naye mpaka mwisho. Florian alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Juni 1993. Stanislausi alifika hospitali siku mbili za mwisho akasimama nje dirishani. Hakuingia. Alisema anaogopa ugonjwa, naye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa amechanjwa.

Jana Stanislausi aliomba aya zinazomhusu ziondolewe, kwa heshima ya ukoo. Mjane amekataa. Jana hiyohiyo ndugu wa ukoo waliombwa wakaliondoe lile pipa uani kwake Nyakato. Walijibu kwamba pipa ni mali ya mtu. Mbwa mwingine ameshaletwa. Ana umri wa miezi minne, na majirani wanasikia nondo jioni.

Kwa hiyo wote mliofika hapa mnaambiwa, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, uende hospitali siku hiyohiyo, na kama chanjo haipo, uifuate ilipo kwa miguu yako mwenyewe. Manyoya hayaponyi. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole, hajafundishika, anaumwa. Na anayemtesa mnyama ili amlinde amejijengea nyumba ambayo hataweza kusikia ndani yake mlio wa hatari, kwa sababu ameuzoea. Florian aliyasema haya kwa miaka kumi na minne. Mlimwita daktari wa mbwa wabaya.

Marehemu ameacha mjane, Marieta, watoto wanne, Bernado, Marcelina, Dafroza na Silasi, wajukuu watano, dada yake, Miriamu, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na mdogo wake, Stanislausi Burito, aliyepata dozi kamili.

Mungu ampumzishe Florian kwa amani. Sisi tuliobaki asitupe amani hiyo upesi.